Kikundi cha kuzikana kisigawanywe na kadi za vyama

Kazi yangu ni usuluhishi. Hapa Tanga nakaa na watu wasiotaka kukaa pamoja: ndugu wanaogombania nyumba ya urithi, wauza samaki, na siku hizi zaidi majirani waliotengana kwa siasa. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, watu walipouawa katika maandamano na intaneti ikazimwa nchi nzima, naulizwa sana swali hili: sisi watu wa kawaida tufanye nini? Wanaotarajia hotuba ya umoja huchoshwa na jibu langu, kwa sababu nawarudishia swali. Wewe na yule usiyeelewana naye, mna kikundi gani mnachochangia pesa pamoja?

Nauliza pesa kwa makusudi. Mtafiti Ashutosh Varshney alichunguza kwa nini ghasia za Wahindu na Waislamu hulipuka mara kwa mara Aligarh, India, ilhali Calicut hutulia, na uwiano wa watu wa dini hizo katika miji yote miwili unakaribiana. Alipotoa matokeo yake mwaka 2002 alionyesha kwamba salamu za asubuhi na sahani za sikukuu zinasaidia, ila mjini ujirani wa aina hiyo hukatika upesi uvumi ukianza. Kilichoshikilia ni vyama vya wafanyabiashara, vya wafanyakazi na vya wanataaluma ambamo watu wa dini zote mbili walikuwa wanachama. Mwenye duka anayemdai mwenzake hana faida soko likiungua. Akisikia maneno, anakwenda kuuliza kabla hajabeba fimbo.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Wengi hapa tuna ndugu Pemba, tunajua baada ya uchaguzi wa 1995 watu wa CCM, chama tawala, na wa CUF, chama cha upinzani, walivyogomeana maduka, wengine hata mazishi. Januari 2001 watu waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Maji yalianza kutulia Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana, kisha kura ya maoni ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010 ikakubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Nayataja haya ili tusidanganyane. Viongozi wakikataa kukutana, kikoba cha mtaani hakiwezi kufanya kazi yao, na kuchunguza mauaji na kumpa haki aliyefiwa ni wajibu wa dola. Ila hata wakipatana kesho, kama mtaani mmeshavunja kila mlichokuwa nacho pamoja, mapatano yao yatakosa pa kutua.

Kwa hiyo naanzia kwenye kikundi cha kuzikana. Hapa Tanga, Ngamiani, karibu kila barabara ina chake, na humo yumo mwenye shati la kijani la CCM, yumo wa upinzani, yumo asiyetaka hata kusikia jina la chama. Vikundi hivi vikivunjika husemwa ni siasa. Nikikaa nao mara nyingi nakuta ni fedha iliyovaa shati la chama: mweka hazina hajasoma hesabu kwa muda mrefu, au msiba wa mmoja ulichangiwa na wa mwingine ukasahauliwa. Aliyesahauliwa anatafuta sababu, na kadi ya chama iko karibu. Dawa yake haina mbwembwe. Hesabu zisomwe kila kikao, kila mtu asikie. Katiba ya kikundi iseme kiwango cha rambirambi ni kimoja kwa wote, sare za chama zisivaliwe kikaoni, na kiongozi wa kikundi akichukua fomu ya kugombea, aachie nafasi hadi uchaguzi upite.

Lipo jambo ambalo wazee wangu hawapendi nikilisema. Ugomvi wa majirani bado tunaupeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi, na wajumbe wengi ni watu wa hekima kweli. Lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, mjumbe ni kiongozi wa CCM, si wa serikali. Kama ugomvi wenyewe umetokana na siasa, upande mmoja unaona umeitwa nyumbani kwa mpinzani wake. Hapo tafuteni mtu wa tatu: mwalimu mstaafu, bibi anayeheshimiwa na nyumba zote, imamu au mchungaji asiyepanda majukwaani.

Kwenye WhatsApp, picha ya kutisha ikiingia, usimuumbue aliyeituma mbele ya kundi zima. Ataitetea hata kama ameshajua ni ya nchi nyingine. Mpigie. "Shikamoo baba mdogo, ile picha umeipata wapi?" Mara nyingi ataifuta mwenyewe. Na aliyefiwa akilia kwa hasira, tafadhali usimwambie tudumishe amani. Nimeona neno hilo likifunga watu midomo, na waliofungwa midomo hawarudi tena kwenye kikao. Mwache aseme, msikilize, mpelekee chakula.

Mwisho ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao tunamwachia mwenyekiti na watu wake halafu tunalalamika kijiweni. Mtaro uliojaa taka hauchagui nyumba ya kumwagia maji mvua za masika zikifika. Kabla ya mkutano ujao, wafuateni watu wawili watatu wa upande usio wenu, mkubaliane swali moja tu kuhusu mapato na matumizi ya mtaa. Kisha aliulize mmoja wao, nanyi mumuunge mkono hapohapo, mbele ya watu.