Ukuta wa Studio: Namna ya Kuufufua Mtaa wa Vyombo vya Habari

Eneo la vyombo vya habari likiletwa mezani kwangu ili lisanifiwe upya, jambo la kwanza ninalolifanya ni kutembea kando ya ukuta wa studio kubwa kuliko zote nikihesabu milango. Huanza na mlango wa mapokezi wenye mashine ya kadi, kisha naendelea hatua mia na zaidi, upande mmoja ukuta mtupu na upande wa pili uzio wa maegesho, hadi nifike kwenye geti la malori, na hesabu yangu inakuwa imekwisha: milango miwili. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotembea mijini, anauhesabu mtaa kuwa hai unapokuwa na milango 15 hadi 20 katika kila mita 100. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaeleza, kuliko ripoti nyingi za washauri, kwa nini mtaa wenye maelfu ya wafanyakazi wabunifu unakuwa kimya kama makaburini ifikapo saa mbili usiku.

Ukuta huo haukujengwa kwa ubaya. Studio ya televisheni haitaki dirisha, kwa sababu mwanga wa jua hubadilika kila dakika na kuvuruga taa zilizopangwa kwa saa nzima. Haitaki kelele, kwa sababu maikrofoni hulisikia lori la nje kabla mtangazaji hajalisikia. Na haitaki mgeni asiyealikwa. Kwa hiyo hujengwa kama sanduku ndani ya sanduku: kuta mbili zisizogusana, sakafu inayoelea juu ya vipande vya mpira ili mtetemo wa treni usifike kwenye kamera, na mabomba mapana yanayopitisha hewa polepole ili isivume. Zipange studio sita za namna hiyo bega kwa bega, ongeza jengo la mitambo, jenereta za dharura na uwanja wa magari ya matangazo ya nje, na tayari una mtaa ulioupa mji mgongo bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Wateja wengi hunijia wakiwa wameshajiandikia dawa. Wengine wanataka studio zibomolewe zipishe ofisi za vioo, jambo linaloondoa sababu yenyewe iliyowakusanya watu wa fani mahali pale. Wengine wanataka mapambo: michoro ukutani, viti vya rangi, mgahawa mmoja mkubwa katikati ya uwanja. Sina ugomvi na michoro, lakini mchoro hauna mlango wa kuingilia, na mgahawa unaotegemea chakula cha mchana cha wafanyakazi wa ofisi hufunga siku ya Jumamosi kama ofisi zenyewe.

Ninachopendekeza karibu kila mara ni kuuvika ukuta. Mbele ya studio tunajenga safu ya vyumba vyenye kina cha mita 6 hadi 8 tu, vikisimama kwenye nguzo na msingi wao wenyewe bila kuiegemea studio, ili nyundo ya fundi isisikike katikati ya kipindi cha moja kwa moja. Ufinyu huo una faida yake, kwa kuwa chumba kifupi hakimvutii mpangaji mkubwa, na hivyo humwangukia mshonaji wa mavazi ya waigizaji, mkodishaji wa lenzi, fundi wa maikrofoni, au kinyozi anayewaandaa watangazaji alfajiri na kuwanyoa majirani mchana. Kila chumba kinafungua mlango wake barabarani. Tukivipa upana wa mita 5 au 6, ukuta wa mita 100 unapata milango 16 hadi 20, na hesabu ya Gehl inatimia bila tofali hata moja la studio kuguswa. Juu yake huja ghorofa mbili au tatu za vyumba vya kuhariri na ofisi ndogo, madirisha yakiangalia barabara. Malori hubaki na njia yao ya nyuma, na hapo huwa sikubali majadiliano, kwa sababu studio isiyoweza kupokea lori la seti saa kumi alfajiri imekwisha kugeuka ukumbi wa mikutano.

Mfano ninaoupenda zaidi, pamoja na kasoro zake, ni Television Centre ya BBC huko White City, magharibi mwa London. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1960 likiwa na umbo la alama ya kuuliza ukilitazama kutoka juu, duara kubwa la ofisi na studio likizunguka ua wenye sanamu ya Helios, mungu jua wa Wagiriki. BBC ilitangaza kuliuza mwaka 2012 kwa pauni milioni 200, na mwaka uliofuata ikafunga studio zake pale. Kwa kuwa sehemu za jengo zilikuwa zimeorodheshwa kama urithi mwaka 2009, duara halikuweza kubomolewa. Likageuzwa makazi, ua ambao zamani uliingiwa kwa kitambulisho ukafunguliwa kwa wapita njia, na studio tatu zikabakizwa na kurudi kazini mwaka 2017. Nyumba zile si za mtu wa kipato cha kawaida, na hilo sitalifumbia macho. Hata hivyo, uamuzi wa kubakiza studio tatu ulikuwa na uzito kuliko mapambo yote yaliyofuata, maana ulihakikisha kwamba mafundi wa taa wanaendelea kupita kwenye ua uleule anaopita mwenye nyumba akienda kununua mkate.

Kuchanganya makazi na utengenezaji wa vipindi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na mimi mwenyewe nimewahi kuikosea. Katika mradi mmoja tuliweka vyumba vya kulala vikitazama uwanja wa magari ya matangazo ya nje, kwa kuwa kwenye michoro uwanja ule ulikuwa na miti na ulipendeza. Wakazi walipohamia, mlio wa magari yanayorudi nyuma ukawaamsha kabla ya mapambazuko; wakalalamika, na walikuwa na haki; saa za kupakia zikapunguzwa; na watayarishaji, nao wakiwa na haki, wakaanza kutafuta studio kwingine. Waliokosea tulikuwa sisi tuliochora. Tangu siku hiyo naupangia uwanja wa malori ngazi, mabafu na korido, na vitanda navipeleka upande wa pili. Sheria nazo zimeanza kusaidia: jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2014, kisha sera ya mipango ya Uingereza mwaka 2018, zilikubali kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama. Kwa maneno mengine, anayejenga nyumba kando ya studio au ukumbi wa muziki uliotangulia kuwapo hujengea madirisha ya kuzuia sauti kwa fedha zake, na aliyekuwapo halazimishwi kunyamaza.

Baada ya kelele huja saa. Juu ya meza yangu kuna jedwali lenye safu 24, na kila matumizi yanayopendekezwa hupakwa rangi katika saa ambazo watu wake wako barabarani. Ofisi hupaka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Studio ya kipindi cha asubuhi hupaka kuanzia saa tisa usiku. Ukumbi wenye watazamaji hupaka saa moja hadi saa nne usiku, chuo cha utangazaji hupaka mchana na jioni, na makazi hupaka pembezoni, asubuhi na usiku, pamoja na siku zote za mapumziko. Safu inayobaki nyeupe huonyesha matumizi yanayokosekana. Jedwali hilohilo hupunguza maegesho, kwa sababu nafasi inayoachwa na gari la ofisi jioni huchukuliwa na la mkazi, na ardhi iliyookolewa ndiyo tunayoijengea vile vyumba vyembamba.

Usafiri nitaugusa kwa mfano mmoja tu. Huko Salford, kwenye bandari ya zamani ya Manchester iliyofungwa mwaka 1982, kituo cha tramu cha MediaCityUK, mtaa mpya wa vyombo vya habari, kilifunguliwa mwaka 2010, na wafanyakazi wa BBC wakaanza kuhamia mwaka 2011. Kama mpangilio ungekuwa kinyume, wafanyakazi wangekwisha kuzoea kuja kwa gari, na mazoea hayo yangedai maegesho yake.

Kisha kuna kodi ya pango, ambayo wasanifu wenzangu hupenda kuwaachia wengine. Barcelona iliidhinisha mpango wa uendelezaji upya uitwao 22@ mwaka 2000 katika eneo la viwanda la Poblenou, takriban hekta 200, ikiruhusu ujenzi mnene zaidi kwa sharti kwamba mwenye kiwanja aachie sehemu ya ardhi kwa ajili ya bustani, huduma na nyumba za gharama nafuu. Sharti hilo naliiga bila aibu. Lakini ongezeko lilelile la thamani lilizifanya karakana zilizokuwa ndani ya viwanda vya kale zionekane kuwa kikwazo, na kiwanda cha Can Ricart, kilichokuwa na mafundi na wasanii wengi, kikawa uwanja wa mvutano kati ya wapangaji waliotakiwa kuondoka na mpango wenyewe. Baadaye kililindwa kama urithi, na kituo cha wasanii cha Hangar, kilichoanzishwa mwaka 1997, kikabaki humo. Karakana nyingi zilikuwa zimeshahama.

Kwa sababu hiyo, katika miradi yangu mikataba ya vyumba vyembamba huandikwa mapema, wakati mwenye eneo bado anahitaji kibali na yuko tayari kusikiliza: miaka 10 kwa uchache, nyongeza ya kodi yenye kikomo, na kifungu kinachozuia vyumba viwili kuunganishwa kuwa kimoja. Mawakili wa wawekezaji hukipinga kifungu hicho cha mwisho kuliko vyote, kwa kuwa wanajua kwamba duka kubwa la kwanza likija litataka vyumba vinne na mlango mmoja.