Je, wajua kwa nini Linux inaipa kila habari ya diski faili lake?

Juzi jamaa yangu kanunua laptopu ya mtumba, kaambiwa ina SSD, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, lakini ukiiwasha unaweza kwenda kubandika chai ukarudi bado inawaka tu. Kaniletea niiangalie. Sikufungua hata skrubu moja, maana ilikuwa ishawekwa Linux, nikafungua terminali nikaandika cat /sys/block/sda/queue/rotational, ikanijibu 1. Tarakimu moja basi. 1 maana yake ni diski inayozunguka, ile HDD ya sahani na sindano, ingekuwa SSD ingesema 0. Jamaa kapigwa hapo.

Nikaona nieleze hii kitu vizuri, kwa sababu watu wengi wanatumia Linux miaka na miaka na hawajawahi kuingia kwenye folda la /sys, na humo ndani kuna kazi nzuri sana ya watu wanaoandika draiva za diski, yaani programu zinazoiwezesha Linux kuongea na diski.

Cha kwanza ujue lile faili halipo kwenye diski. Halipo popote. Ukilisoma, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaita kipande cha msimbo ndani ya draiva, kinaandika jibu hapohapo na kukupa. Wenyewe wanakiita show, na kama faili linaruhusu kuandikwa kuna mwenzake anaitwa store. Ndio maana ukipiga ls -l unaona karibu kila faili lina ukubwa wa 4096 hata kama ndani kuna tarakimu moja, ile 4096 ni nafasi tu ambayo draiva inapewa ya kuandikia jibu, ukurasa mmoja wa memori.

Mpangilio wote huu unaitwa sysfs, uliingia na Linux 2.6 mwaka 2003, na aliyeuandika mwanzoni ni Patrick Mochel. Kabla ya hapo habari za vifaa zilikuwa zinamwagwa kwenye /proc na kila draiva ilikuwa inajiandikia inavyotaka. Mfano mzuri ni /proc/scsi/scsi, ukilisoma unapata aya nzima: diski ya kwanza kampuni fulani, modeli fulani, aina fulani, halafu ya pili, halafu ya tatu, zote kwenye faili moja. Kwa macho ya binadamu inasomeka, sawa, lakini programu inayotaka modeli peke yake inabidi ihesabu nafasi na kukata maneno, na siku mtu akiongeza safu moja tu hapo katikati, skripti za watu zinakufa.

Sysfs ikaja na sheria moja ngumu: faili moja, jibu moja. Modeli ina faili lake, sirio namba lake, toleo la fimuwea (programu iliyomo ndani ya diski yenyewe) lake. Nenda /sys/class/nvme/nvme0 kama una diski ya NVMe, aina ya SSD za kisasa, utayaona, model, serial, firmware_rev, yamekaa kila moja kivyake. Kuna yanayoivunja kidogo, kama queue/scheduler ambalo linakuonyesha njia zote za kupanga foleni ya diski na ile inayotumika inawekewa mabano ya mraba, lakini ni machache. Na kuna moja linawachanganya sana watu, size. Kwenye diski ya TB 1 utakuta 1953525168, hizo si baiti wala kilobaiti, ni vipande vya baiti 512, zidisha unapata baiti 1,000,204,886,016. Hata diski ambayo kiukweli inatumia vipande vya 4096, size inahesabu kwa 512 vilevile.

Sasa tuje kwenye draiva yenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Diski moja inaweza kuwa na mafaili kadhaa ya hivi na zamani draiva nyingi zilikuwa zinayatengeneza moja moja kwa mkono: tengeneza hili, likikataa rudi nyuma ufute lile, na kwenye kuondoka ufute yote, ukisahau moja umeacha tatizo. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa wakati. Diski ikisajiliwa kerneli inapiga kelele kwamba kifaa kimeingia, na programu inaitwa udev inasikia na kukimbia kwenda kusoma yale mafaili ili iipe diski majina ya kudumu kule /dev/disk/by-id. Draiva inayosajili kwanza na kutengeneza mafaili baadaye ni kama mtu anayekaribisha wageni mezani wakati sufuria haijabandikwa. Udev inafika haikuti kitu, inaondoka, jina halitengenezwi. Na mbaya zaidi haitokei kila siku, leo udev imechelewa kidogo mambo yamekwenda, kesho imewahi seva haioni diski yake, ukiwasha tena iko sawa. Kutafuta kosa la namna hiyo ni mateso.

Dawa yake ni makundi. Draiva inaorodhesha mafaili yake yote kwenye kundi, inalikabidhi kwa kerneli wakati uleule wa kusajili, na kerneli inayaweka yote mahali pake kwanza ndipo ipige kelele. Kwa upande wa diski njia hii iliingia na Linux 4.20 mwishoni mwa 2018, pale device_add_disk ilipoanza kupokea makundi. Kuondoa nako kukawa rahisi, kundi linaingia pamoja linatoka pamoja.

Na kundi linaweza kuwa na mlinzi, anaitwa is_visible, anaulizwa kwa kila faili, huyu aonekane au asionekane? Draiva ya NVMe inamtumia sana, kama diski haina nguid, namba ya kuitambulisha, basi faili la nguid linafichwa kabisa, hulikuti likiwa tupu wala limejaa masifuri. Mimi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu programu inayosoma haihitaji kukisia, faili lipo au halipo.

Mwaka 2023 waandishi wa draiva hiyo waliyahamisha mambo yote ya sysfs kutoka core.c, faili lililokuwa limenenepa kupita mistari elfu kadhaa, wakayapeleka kwenye sysfs.c yake. Ukitaka kujifunza jinsi makundi yanavyopangwa anzia hapo, linasomeka.

Ila ukienda kukagua laptopu kwa ile rotational, soma diski ya ndani. Flashi na SSD zilizochomekwa kwa USB mara nyingi zinajibu 1 wakati hazizunguki, kwa kuwa kile kisakiti cha USB cha katikati hakipitishi hiyo habari na kerneli isipoambiwa kitu inachukulia kwamba inazunguka.