Chujio la naitreti: maana yake, na kwa nini halichuji kitu

Nilimpelekea fundi wa mabomba kule Kariobangi kipande cha PVC cha inchi 4, urefu wa sentimita 60, anizibe ncha zote mbili na kunitobolea matundu mawili juu. Alikigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Na kitambaa cha kuchujia kinakaa wapi, kijana wangu?"

"Hakina kitambaa, Mzee. Wala sifongo."

"Basi hilo si chujio."

Alisema kweli. Sisi tunaofuga samaki wa maji ya chumvi tumezoea kuliita chujio kwa sababu linakaa kando ya machujio mengine, lakini kazi yake haifanani hata kidogo na ya chujio la chai. Naitreti imeyeyuka majini kama chumvi ilivyoyeyuka, na hakuna kitambaa kitakachoishika. Kifaa hiki ni chumba cha bakteria. Unawanyima oksijeni humo ndani mpaka waanze kupumua naitreti yenyewe. Neno la kushika ni hilo, kupumua. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na naitreti inakotoka. Samaki akila hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria wanaokaa kwenye mawe na sifongo huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Makundi hayo yote mawili yanahitaji oksijeni. Kwenye tangi la kawaida kazi inaishia hapo. Naitreti haina ukali wa amonia, kwa hiyo mtu haoni samaki akifa, naye hajali, huku kipimo kinapanda wiki baada ya wiki. Kwenye miamba ya matumbawe baharini huwa chini ya miligramu 1 kwa lita. Tangi langu la lita 200 lilikuwa limefika 80. Samaki walikuwa wanakula vizuri tu, lakini mwani ulikuwa umevaa kioo kizima, na matumbawe laini yalijikunja yakakataa kufunguka.

Dawa ya siku zote ni kubadilisha maji, na bado nabadilisha. Ila piga hesabu. Ukitoa lita 40 kati ya 200 na kuweka mapya yasiyo na naitreti, 80 inashuka hadi 64 tu, na samaki hawajaacha kula. Lita hizo 40 zinataka kilo 1.4 za chumvi ya tangi, kwa kipimo cha gramu 35 kwa lita. Mtu wa Mombasa ana bahari mlangoni. Sisi wa Nairobi tuko karibu kilomita 480 kutoka ufuoni, na kila lita tunaikoroga wenyewe kwenye ndoo.

Sasa turudi kwenye kupumua. Bakteria hutumia oksijeni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowapa nguvu nyingi zaidi. Ikiisha, wale wenye uwezo hugeukia naitreti na kuinyang'anya oksijeni iliyoshikamana nayo, hatua kwa hatua: naitreti huwa naitraiti, kisha hupitia gesi mbili za katikati, na mwisho inabaki gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo ndiyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Inapanda, inatoka majini, basi. Wataalamu huita jambo hili dinaitrifikesheni, na halikuanzia kwenye matangi. Hutokea ndani kabisa ya jiwe la matumbawe, kwenye tope la mikoko, hata kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea yakiwa yamejaa maji, ambako sehemu ya naitrojeni ya mbolea hupotelea hewani kwa njia hiyo hiyo.

Kuna ngazi ya tatu, nayo ndiyo ya kuogopa. Naitreti ikiisha, bakteria wengine huanza kupumua salfeti, na maji ya bahari yana salfeti tele, karibu gramu 2.7 katika kila lita. Hapo hutoka hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, nayo ni sumu kali kwa samaki. Kwa hiyo chumba chetu lazima kikae ngazi ya kati: oksijeni imekwisha, naitreti bado inaingia. Hakuna swichi ya kufanya hivyo. Kuna mwendo wa maji tu.

Ndiyo maana ndani ya bomba nilizungusha mrija wa mita 15, tundu lake milimita 4, mzunguko juu ya mzunguko kama springi. Maji yanaingilia juu, yanashuka yakizunguka, yanatokea sakafuni mwa bomba, halafu yanapanda polepole katikati ya kokoto nyepesi zenye vitundu na kutokea tundu la pili. Bakteria wanaokaa mwanzoni mwa mrija wanamaliza oksijeni, wa mbele yao wanaikuta naitreti. Fundi alitaka kunifungia viungio vya shaba, akisema vya plastiki havidumu. Nilimsihi aache. Shaba ikiyeyuka hata kidogo kwenye maji ya chumvi huua matumbawe, kamba na konokono.

Kitu cha thamani kuliko vyote hapa nilikinunua chemisti: mrija wa dripu, ule wa hospitalini wenye kigurudumu cha kubana. Nilikibana mpaka likadondoka tone moja kwa sekunde. Kwa dripu ya matone 20 kwa mililita, hiyo ni mililita 180 kwa saa, au lita 4.3 kwa siku nzima. Mrija uliozungushwa unabeba mililita 188 hivi, maana yake tone moja linasafiri saa nzima kabla halijafika chini. Saa hiyo ndiyo inayomaliza oksijeni. Ukiona ni polepole mno ukafungua, umeivunja.

Tena mwanzoni usitegemee makubwa. Hata kikifanya kazi bila dosari, lita 4.3 zenye naitreti 80 ni miligramu 345 tu, na tangi zima lina 16,000. Unaongeza mwendo baadaye, kidogo kidogo, bakteria wakishaongezeka.

Bakteria hawa pia wanahitaji chakula cha kaboni. Uchafu ulioyeyuka majini huwatosha kwa kiasi. Wengine huongeza matone machache ya siki au sukari ndani ya chumba, jambo linalofanya kazi, lakini ukizidisha maji hugeuka maziwa na mrija huziba. Kuna na aina nyingine ya kifaa inayotumia chembe za salfa badala ya kaboni. Hiyo huacha tindikali, kwa hiyo maji yake hupitishwa kwenye vipande vya matumbawe makavu kabla ya kurudi. Usiende kununua salfa ya unga ya agrovet kwa kazi hiyo, ina viambato vya kuifanya ichanganyike na maji ya kupulizia.

Kwa wiki za kwanza utapima maji yanayotoka na kukata tamaa. Kwanza naitraiti itapanda. Ni dalili kwamba kazi imeanza ila haifiki mwisho, maana oksijeni bado inapenya. Punguza mwendo. Kumbuka pia kwamba vipimo vingi vya naitreti hufanya kazi kwa kuigeuza kwanza iwe naitraiti, ndipo rangi ionekane, kwa hiyo kama naitraiti imo, kipimo cha naitreti kitakudanganya kwa kuonyesha nyingi kuliko iliyopo. Pima naitraiti kwanza. Ikifika sifuri, sasa amini ile nyingine. Na ukinusa yale mayai, ongeza mwendo.

Hapa Nairobi kuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. Tuko juu, mita 1,700 hivi, na maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Chumba kinanufaika, samaki hawanufaiki. Jambo la pili ni stima.

Usiku mmoja zilipotea kwetu South B, zikarudi kesho yake adhuhuri. Pampu ilikuwa imesimama muda wote huo, maji yamelala ndani ya bomba, bakteria wamemaliza naitreti na kushuka ngazi ya tatu. Mimi nikaona dripu inasuasua, nikafungua kigurudumu chote ili kuyasukuma maji yaliyolala, na ncha ya mrija iko tangini. Nyumba ilinuka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Kitatange wangu mdogo alilala ubavu, matamvua yakienda mbio, kwenye maji ambayo tayari yalikuwa yamepungukiwa oksijeni kwa usiku mzima. Hakupona.

Siku hizi stima zikirudi, la kwanza ni kuwasha pampu ya hewa. Kisha natoa ncha ya mrija na kuiweka kwenye ndoo, nayaacha maji yadondoke mpaka zitimie lita 5, yaani bomba zima, na kuyamwaga. Nanusa, napima naitraiti. Vyote viwili vikiwa safi ndipo narudisha mrija, na hata hapo siutumbukizi majini: naufunga sentimita 10 juu ya chujio la kawaida, ili kila tone lipite hewani kwanza.