Darubini ya Uhuru na dakika tano za roketi

Wanafunzi wangu wa fizikia ya nyota wakisikia habari za Uhuru, setilaiti ya kupokea eksirei za angani, kwa mara ya kwanza, swali lao huwa ni moja: kioo chake kilikuwa na ukubwa gani? Haikuwa na kioo. Ndani ya setilaiti ile ya kilo 142 hivi mlikuwa na masanduku mawili bapa yaliyojaa gesi, yamepeana mgongo, kila moja likiwa na uwazi wa karibu sentimita za mraba 840. Fotoni ya eksirei, yaani chembe moja ya mnururisho huo, ikiingia kwenye gesi hung'oa elektroni katika atomi, waya wenye volti nyingi huzivuta elektroni hizo, na chombo huandika: moja. Mbele ya kila sanduku palipangwa mirija ya chuma iliyoruhusu miale ya upande mmoja tu kupita. Setilaiti nzima ilijizungusha polepole, dakika kumi na kitu kwa mzunguko mmoja, ili utepe mwembamba wa anga upite mbele ya masanduku tena na tena. Darubini yenyewe ndiyo hiyo. Picha haikupiga hata moja.

Nauelezea udogo wake kwa makusudi. Tumezoea kudhani kwamba kila ugunduzi mkubwa angani huletwa na kioo kikubwa zaidi. Uhuru iliibadilisha fani yangu kwa kitu kingine kabisa, nacho ni muda.

Angahewa ya dunia huzinyonya eksirei zote zitokazo angani, kwa hiyo mtu aliyesimama ardhini hawezi kuziona hata akiwa na chombo gani. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka White Sands, New Mexico, wakitaka kujua kama mwezi unatoa eksirei. Walichokipata ni Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wetu wa jua. Ila roketi ya namna ile hukaa juu ya hewa nzito kwa dakika kama tano, kisha hurudi chini. Ndani ya dakika tano utajua kwamba kitu kipo. Utajuaje kama kinawaka na kuzima kila baada ya siku mbili? Kwa miaka minane baada ya hapo fani ilikuwa na orodha fupi ya vyanzo, na takriban kila kimoja kilikuwa fumbo.

Jibu lilirushwa kutoka pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo liliendeshwa na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ilikuwa ya NASA, na msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe.

Watu wengi hudhani Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, kama mita 465 kwa sekunde, hivyo roketi hupata msukumo wa bure. Ni kweli, lakini kwa sisi wa eksirei sababu kubwa ni nyingine. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, mikanda ya chembechembe zenye umeme inayoizunguka dunia huteremka chini sana. Setilaiti ikipita humo, vihesabio vyake hupigwa na chembe hizo na kuzihesabu kana kwamba ni eksirei. Mzingo, yaani njia ya setilaiti kuizunguka dunia, unaokumbatia ikweta hulikwepa karibu eneo lote hilo. Uhuru iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, kimo cha kilomita 550 hivi, mahali tulivu, na roketi ndogo kama Scout isingeweza kuifikisha huko kutoka Florida. Jiografia ya pwani ile iliingia moja kwa moja katika ubora wa data.

Ugunduzi ninaoupenda kuliko yote ni wa Centaurus X-3. Mwaka 1971 timu iliona kwamba hesabu za chanzo hicho zinapanda na kushuka kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.84. Hiyo peke yake ilikuwa habari kubwa. Kisha wakakifuatilia kwa siku mfululizo, na mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, kila baada ya siku 2.087 chanzo kilizimika kwa karibu nusu siku, halafu kikarudi. La pili, mapigo hayakuwa na nafasi sawa. Kuna wakati yalifika kwa kusongamana na wakati mwingine kwa kuachana, kama honi ya lori inavyobadilika sauti likikujia na likishakupita. Mabadiliko hayo yalifuata siku zilezile 2.087.

Ukiyaweka mawili hayo pamoja, hakuna pa kukimbilia. Kitu kinachopiga kinazunguka nyota nyingine kwa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde, na kinapopita nyuma yake kinafichwa. Pigo linalotoka upande wa mbali wa mzingo huchelewa kwa karibu sekunde 40, na lile la upande wa karibu huwahi kwa kiasi hichohicho. Kwa hesabu za kihesabio cha gesi, mtu akaweza kupima upana wa mzingo ulio maelfu ya miaka ya nuru kutoka hapa. Kila nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo, maana nataka wanafunzi waihisi nguvu ya hoja hii.

Miezi ilivyozidi kwenda, mapigo yakaonekana yanakwenda kasi zaidi. Pulsa za redio, yaani nyota zinazotoa mapigo ya redio kila zinapojizungusha, zilizokuwa zikijulikana wakati huo hupunguza mwendo, kwa kuwa hutumia nishati ya mzunguko wake. Centaurus X-3 ilikuwa inaongezewa mwendo, na cha kuiongezea kilikuwa gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota mwenza na kuiangukia ikizunguka. Kinachopiga ni nyota ya nyutroni, mabaki madogo na mazito sana ya nyota iliyokufa, na gramu moja ya hidrojeni ikiiangukia hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo ingetoa kwa viini vyake kuungana ndani ya jua. Swali la nini huwasha vyanzo hivi vya eksirei likapata jibu: nguvu ya uvutano.

Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei, ilikuwa kinyume cha mambo hayo. Ilipepesa ndani ya sehemu ya sekunde, bila mpangilio wowote, wala hakuna kipindi kilichosimama kilipochunguzwa. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo, kwa sababu hata nuru katika sehemu ya kumi ya sekunde haivuki zaidi ya kilomita 30,000. Mwaka 1971 eksirei zake zilibadilika ghafla, na kipindi hichohicho chanzo cha redio kikatokea mahali pale. Redio ilionyesha mahali hasa: nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, walikuta nyota hiyo inayumbishwa kila siku 5.6 na mwenza asiyeonekana, mzito kupita nyota yoyote ya nyutroni. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinampa uzito wa majua kama 21. Ni shimo jeusi.

Uhuru pia ilionyesha kwamba nafasi kati ya galaksi katika makundi kama Virgo, Koma na Perseus imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Ilinyamaza Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Urushaji wa mwisho pale San Marco ulikuwa mwaka 1988, lakini antena za kituo cha Malindi hazijaachwa. Data za setilaiti za NASA za Swift, NuSTAR na IXPE zimekuwa zikishushwa hapo. NuSTAR na IXPE zimewekwa karibu na ikweta kwa sababu ileile ya Uhuru, na kituo cha pwani ile huziona kila zinapopita juu yake. Mwaka 2022 IXPE ilipima kiasi ambacho mawimbi ya eksirei za Cygnus X-1 hutikisika kuelekea upande mmoja, ikapata karibu asilimia 4. Kutokana na kipimo hicho tunajua kwamba gesi ya moto sana inayotoa eksirei hizo imetandaa sambamba na sahani ya gesi inayolizunguka shimo, haikusimama juu yake kama nguzo.

Data hizi ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC, bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuchukua faili la Centaurus X-3, akayakunja mapigo, yaani kuyapanga moja juu ya jingine, kwa kipindi chake cha leo, takriban sekunde 4.8, na akauona mzingo ukijitokeza. Natamani kuona zoezi hilo likifanywa katika vyuo vya Mombasa, Dodoma na Bujumbura, na anayekwama kwenye programu aniandikie hapa chini.