Mwanya wa rushwa jeshini: maana yake, kuanzia uwanja wa makurutu hadi askari hewa

Shangazi yangu anayeishi karibu na soko la Luanda, kule Vihiga, alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo kwetu simu ikilia mtu huanza kuwaza msiba. Haukuwa msiba. "Baba," aliniambia, "wewe unakaa hapo Lanet na wanajeshi. Hebu niulizie. Kuna mtu anasema nikitoa laki tatu na nusu, kijana ataandikwa jeshi. Wa kununua ng'ombe wawili nimeshampata, na zilizobaki chama kitanikopesha."

Ni kweli nakaa Lanet, Nakuru, si mbali na Chuo cha Kijeshi cha Kenya, ambako makadeti hufunzwa uofisa. Lakini kupakana na kambi hakumfanyi mtu kuwa na siri za kambi. Nilimwomba asiuze kitu. Tulizungumza karibu saa nzima, yeye akitetea mustakabali wa mwanawe, mimi nikitaja sheria, na hatukuwa tukisikilizana. Kilichokosekana katikati yetu ni dhana moja ambayo nataka kuieleza hapa: mwanya wa rushwa katika usimamizi wa wanajeshi.

Rushwa yenyewe tunaijua. Mtu amekabidhiwa mamlaka kwa niaba ya umma, naye anayatumia kujinufaisha au kuwanufaisha wake. Hilo ni tendo. Mwanya, au hatari ya rushwa kama wataalamu wanavyoiita, ni hali inayotangulia tendo. Ni mahali ambapo mtu mmoja, au wachache, wanaamua jambo lenye thamani kubwa kwa mwingine, wakiwa hawaonekani wanavyoamua, wala hawaulizwi baadaye. Mahali pa aina hiyo ni mwanya hata kama aliyeketi pale leo ni mtu mwaminifu kabisa. Nyumba isiyo na komeo haijaibiwa kwa sababu tu haina komeo, ila hakuna mwenye akili anayesafiri na kuiacha hivyo. Kwa hiyo kusema kwamba jeshi lina mianya si kuwaita wanajeshi wezi. Ni kuuliza makomeo yako wapi.

Shirika la Transparency International lina kipimo cha uadilifu wa taasisi za ulinzi duniani, na hugawa hatari hizo katika maeneo matano: siasa, fedha, wafanyakazi, operesheni na ununuzi. Magazeti hupenda ununuzi, kwa kuwa ndege na magari ya kivita huja na mabilioni. Eneo la wafanyakazi halina kishindo. Ndani yake mna mambo ya kawaida tu: nani anaandikwa, nani analipwa, nani anapanda cheo, nani anapelekwa wapi, nani anaadhibiwa. Mimi naamini hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote, kwa sababu silaha hainunui silaha nyingine, lakini mtu aliyeingia kwa njia mbovu atakuja kuamua juu ya watu wengine kwa miaka ishirini au zaidi.

Tuanze mlangoni, maana huo ndio mlango ambao shangazi alikuwa amesimama.

Tangazo la kuwaandikisha makurutu likitoka, kila kaunti ndogo huwa na siku yake na uwanja wake. Vijana hufika alfajiri na vyeti kwenye bahasha. Masharti ya kurutu wa kawaida yanajulikana: awe raia mwenye kitambulisho, umri kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua mita 1.60, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), na asiwe na rekodi ya uhalifu. Kisha mbio, meno, macho, nyayo, makovu. Uandikishaji ni bure, na tangazo lenyewe hulisema hilo waziwazi.

Sasa hesabu. Watu elfu moja wanaweza kujaa uwanjani wakigombea nafasi chache mno. Wengi wanatimiza masharti yote. Baada ya kuwaondoa wafupi na wenye kasoro za afya, bado wanabaki vijana wengi wanaolingana, na lazima mtu achague. Mwanya uko hapo hasa, pale ambapo sharti limeisha na hiari ya mchaguaji imeanza. Masharti yenyewe hayana shida, kwa kuwa futi ya kupimia haipokei chai.

Na mwanya huo hauhitaji hata ofisa mla hongo ili uumize watu. Mara nyingi anayepokea pesa ni mkora tu, dalali asiyejua hata lango la kambi liko upande gani. Anachukua pesa za familia kumi na kukaa kimya. Wawili kati ya hao kumi wakichaguliwa kwa mbio zao wenyewe, anajisifu kwamba ni kazi yake. Wale wanane anawaambia mambo yameharibika huko juu, na nani atakwenda polisi kueleza kwamba alitoa mlungula usiofaulu? Wengine huuziwa barua bandia za kuitwa. Vijana wamewahi kufika nazo hadi chuo cha mafunzo ya makurutu Eldoret, na masanduku yao, wakaishia mikononi mwa polisi. Mkora anaishi kwa sababu ya giza. Kama kila aliyekataliwa angeambiwa sababu, na kila aliyechaguliwa alama zake zingebandikwa ukutani kwa chifu, dalali angeuza nini?

Katiba ya 2010 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 238 kinataka vyombo vya usalama wa taifa viandikishe watu kwa namna inayoakisi Wakenya wote kwa uwiano wa haki, na kifungu cha 241 kinasema hivyo kuhusu uongozi wa majeshi, kwamba uakisi maeneo na makabila ya nchi. Sura ya Sita nayo, kifungu cha 73, inakataza maamuzi ya umma kuongozwa na undugu, upendeleo au nia nyingine chafu. Hata mahakama zimeonyesha meno, ingawa ilikuwa kwa upande wa polisi. Julai 14, 2014 nchi nzima iliandikisha makurutu 10,000 wa polisi kwa siku moja. Malalamiko ya hongo na upendeleo yakawa mengi hivi kwamba mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilikwenda kortini, na tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikafuta zoezi zima. Waliochaguliwa kwa jasho lao walipoteza nafasi pamoja na walionunua. Nakumbuka huruma niliyowaonea wale wasio na hatia, na bado nadhani mahakama ilifanya sawa.

Kuna jambo moja ambalo watu wetu hawalipimi wanapouza ng'ombe, nalo ni deni. Kijana aliyeingia kwa laki tatu na nusu anaanza kazi akiwa amefilisika. Mshahara wa kurutu hauwezi kulilipa deni hilo upesi, chama kinadai, wadogo zake wanasubiri karo. Mweke kijana huyo kwenye bohari ya mafuta au kwenye kizuizi cha mpakani. Anayemjaribu kwa pesa hatahitaji kumshawishi sana, kwa sababu ameshafundishwa siku ya kwanza kwamba hapa mambo hununuliwa. Na yule aliyempokelea pesa anaijua siri yake, hivyo anaweza kumwamuru chochote kwa miaka. Hongo ya mlangoni ni mbegu, huota ndani ya kambi.

Mwanya wa pili ni orodha ya mishahara, na hapa ndipo linapotoka neno askari hewa. Wasomaji wanawajua wafanyakazi hewa wa serikalini. Askari hewa ni ndugu yao mwenye bunduki isiyokuwepo. Huja kwa njia tatu. Kuna jina lililotungwa, ambalo halijawahi kuwa na mtu. Kuna mtu aliyekuwepo, akafa au akatoroka, lakini jina lake halikufutwa, kwa hiyo marehemu anaendelea kupokea mshahara na mgao wa chakula. Na kuna mtu hai kabisa anayekaa kwake akiendesha duka, huku akigawana mshahara na mkubwa wake ili asiitwe kazini. Iraq wana jina lao kwa watu hawa, wanawaita watu wa angani. Mwaka 2014, miezi michache baada ya mji wa Mosul kuanguka mikononi mwa wanamgambo wachache kuliko walinzi wake wa kwenye karatasi, Waziri Mkuu Haider al-Abadi alitangaza kwamba walikuwa wamegundua askari hewa 50,000. Afghanistan nayo, baada ya serikali kuanguka mwaka 2021, aliyekuwa waziri wa fedha Khalid Payenda aliiambia BBC kwamba wengi wa wale askari na polisi 300,000 walioandikwa vitabuni hawakuwepo.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Uganda iko ng'ambo tu ya Busia na Malaba. Huko, wakati watu wa kaskazini wakihangaishwa na waasi wa LRA, uchunguzi ulikuta vikosi vyenye majina mengi kuliko watu, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi, Meja Jenerali James Kazini, katika kesi iliyohusu askari hewa. Fikiria mwanakijiji wa Gulu anayeambiwa kuna kikosi kinachomlinda, na nusu ya kikosi hicho ni wino.

Dawa ya mwanya huu inajulikana, na ni rahisi kuieleza: anayehesabu watu asiwe ndiye anayewalipa. Pale ambapo kamanda hupeleka idadi makao makuu, kisha hupokea fedha taslimu na kuzigawa mwenyewe, hakuna wa kumsahihisha. Kongo, Umoja wa Ulaya ulipeleka washauri kuanzia mwaka 2005 kusaidia hasa jambo hilo, kutenganisha mlolongo wa amri na mlolongo wa malipo, na kuwahesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole. Somalia pia walifuata njia ya kuwasajili askari kwa alama za mwili na kuwalipa moja kwa moja. Askari anapopokea mshahara kwenye akaunti yake, kiasi kilekile kilichoandikwa, tarehe inayojulikana, mkubwa wake anabaki na amri peke yake, na hiyo inamtosha.

Kwamba mshahara wa askari si jambo la makaratasi tu, sisi wa Nakuru tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi papa hapa Lanet. Haikuwa kesi ya rushwa. Walilalamikia malipo yao na kuchelewa kwa Waafrika kupewa uofisa, na iliwalazimu wanajeshi wa Uingereza kuingia kuyazima maasi hayo. Lakini somo la mshahara na cheo lilikuwa palepale.

Vyeo na uhamisho nitapita haraka, kwa sababu mantiki ni ileile. Kama cheo kinatolewa na bodi yenye vigezo vilivyoandikwa, na aliyekosa anaruhusiwa kukata rufaa, mwanya ni mdogo. Kama kinategemea unamjua nani, basi anayekipata ana deni kwa aliyempa. Vilevile kazi zenye marupurupu, kama misheni za kulinda amani nje ya nchi. Ziwe na zamu inayojulikana. Katika nchi zenye jeshi la lazima kuna mwanya mwingine tusio nao sisi, wa kulipa ili usiandikwe. Ukraine, Agosti 2023, Rais Zelensky aliwafuta kazi wakuu wote wa ofisi za mikoa za uandikishaji kwa sababu hiyo.

Wengine watasema jeshi ni siri, na siri ni usalama. Mpango wa vita ni siri, sawa. Mahali silaha zilipo, sawa. Lakini alama za kurutu wa Emuhaya katika mbio na usaili zina siri gani kwa adui? Na idadi ya mishahara inayokaguliwa na Mkaguzi Mkuu inampa nani ushindi? Siri inayomficha mwizi wa ndani ndiyo inayomsaidia adui wa nje.

Kwa mwenye simu kama ya shangazi: Sheria ya Hongo ya 2016 inamkamata anayetoa sawa na anayepokea. Kifungo kinaweza kufika miaka kumi, au faini hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili, na sheria hiyohiyo inamlinda anayetoa taarifa. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, ina ofisi Nakuru, Kisumu na Bungoma. Hifadhi namba iliyokupigia, ujumbe wa M-Pesa kama upo, na jina alilojiita.

Shangazi hakuuza. Kijana alikwenda uwanjani na bahasha yake, akakimbia vizuri, akapita kwenye meno na macho, kisha jioni akarudi nyumbani bila barua na bila kuambiwa alikosea wapi. Jirani yao mmoja anasema ni kwa sababu hawakutoa kitu. Hakuna karatasi popote ambayo shangazi anaweza kumwonyesha jirani huyo kwamba si kweli. Kijana ana miaka 22, na asubuhi bado anafanya mazoezi kwenye barabara ya kwenda Maseno.