Zawadi ya Mfarishi: Yanayosemwa Nairobi na Ukweli Wake

Kamati ya harusi hapa Nairobi inapofika kwenye suala la zawadi, vitu vinavyotajwa huwa vilevile: seti ya sufuria, jokofu la kuchangiwa, duveti na mashuka. Akitokea mtu akasema kwamba yeye atashona kwa mkono wake mfarishi, yaani tandiko la kitanda la matabaka ambalo mara nyingi juu yake ni viraka, watu hunyamaza kidogo, kisha maoni huanza. Nimewashonea marafiki zangu mifarishi ya harusi kwa miaka kadhaa sasa, na maoni hayo nimeyasikia ya kutosha kuyapanga mafungu mawili. Wapo wanaouona mfarishi kuwa rundo la matambara, na wapo wanaouona kuwa kitu kitukufu kisichofaa kuguswa. Pande zote mbili huunyima mfarishi mahali pake, yaani kitandani.

"Kumpa bi harusi viraka ni kumtangazia umaskini"

Dhana hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu lugha yenyewe inaitegemeza. Kwa Kiswahili, kiraka ni dalili ya nguo iliyochoka, na mtu wa viraka ni mtu aliyeishiwa. Mama mmoja wa kamati aliwahi kuniuliza, kwa upole lakini mbele ya watu, "Mwanangu, kwani mmekosa pesa za blanketi zima?" Sikuwa na jibu la haraka siku hiyo.

Jibu ni kwamba viraka sivyo vinavyoufanya mfarishi uwe mfarishi. Mfarishi ni matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba ya kujazia katikati, na bitana chini, yote yakiwa yameunganishwa kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini ili pamba isihame. Kitambaa cha juu chaweza kuwa kipande kimoja kisicho na kiraka hata kidogo. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, umo mfarishi ulioshonwa Sicily katika karne ya 14, unaosimulia kisa cha Tristan, shujaa wa hadithi za kale za Ulaya, na picha zake zote zimetokezwa kwa mishono na kwa kuijaza pamba sehemu zinazotakiwa kuinuka. Viraka ni njia mojawapo tu ya kulitengeneza tabaka la juu, na anayeichagua huichagua kwa sababu humruhusu kuchora kwa rangi.

Hata hivyo, sipendi kujifanya kwamba viraka na umaskini havijawahi kukutana. Wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini nchini Sudan, katika miaka ya 1880, walivaa majoho yenye viraka makusudi kuonyesha kwamba wameipa dunia kisogo, na baadaye viraka hivyo vikawa vinapangwa kwa ulinganifu na rangi hadi vazi likawa sare ya heshima. Wanawake weusi wa Gee's Bend, huko Alabama nchini Marekani, walishona mifarishi kutokana na nguo kuukuu za kazi kwa sababu nyumba zao zilikuwa za baridi na pesa hazikuwapo. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na watu wakapanga foleni kuitazama. Umaskini ulikuwepo, lakini jicho la rangi na mpangilio lilikuwepo pia.

Isitoshe, tunaoshangaa mfarishi ni watu walewale tunaopeleka mablanketi na leso kwa kina mama siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari. Kumfunika mtu ni heshima tuliyoizoea zamani.

"Haya ni mambo ya Wamarekani"

Wamarekani wameukuza ufundi huu na kuuandikia sana, ndiyo maana mtu akitafuta mifano kwenye intaneti hukutana nao kwanza. Lakini neno mfarishi limo katika kamusi zetu, nalo ni ndugu wa neno la Kiarabu lenye maana ya tandiko. Wapanda farasi wa Bornu na Sokoto, dola za zamani za Afrika Magharibi, waliwavika farasi wao deraya za kitambaa kilichojazwa na kushonwa kwa matabaka ili kupunguza makali ya mishale na mikuki. Ni ufundi uleule, ila hapo ulikuwa kinga ya vita.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng'ambo ya bahari yetu. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakipelekwa kama watumwa karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Badala ya kuviunganisha viraka kwanza kama wengi wetu tufanyavyo, huanza ukingoni mwa bitana na kushona kuelekea ndani, wakiongeza vipande na kuzunguka hadi wafike katikati. Pembeni huweka vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na kwao mfarishi usio na maua hayo huonekana kama uko uchi.

Na kama ni lazima Marekani itajwe, itajwe kwa kitambaa. Merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu waliijua vizuri, ilipata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Mimi bado huitumia kwa bitana, maana sindano huipenya bila ugomvi.

"Ni zawadi ya mtu asiye na pesa"

Hapa afadhali tuhesabu. Vitanda vingi vya maharusi Nairobi ni vya tano kwa sita, yaani takriban sentimita 152 kwa 183. Ukitaka mfarishi uanguke sentimita 35 kila upande na miguuni, unahitaji kitu cha sentimita 220 kwa 220. Kwa viraka vya mraba vyenye upande wa sentimita 20, hiyo ni safu 11 kwa 11, jumla viraka 121. Kila kiraka hukatwa sentimita 21.2, kwa sababu milimita 6 za kila upande huliwa na mshono. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa viraka vitano kwa safu, na yadi sita hutoa safu 25, yaani viraka 125. Umebaki na vinne vya akiba, na bado hujakosea hata kimoja.

Atakayevutiwa na viraka vidogo na ajue gharama yake. Kiraka cha sentimita 10 hukatwa sentimita 11.2, na hivyo kila sentimita 100 za mraba zinazoonekana huhitaji kitambaa cha sentimita 125 za mraba. Robo nzima ya ziada imejificha ndani ya mishono. Kisha kuna bitana, ambayo lazima izidi kwa sentimita 10 kila upande, na upana wa vitenge viwili vilivyoungwa haufiki hapo.

Muda nao ni gharama. Ukipiga mishono ya kushikiza matabaka kila baada ya sentimita 10, kwa urefu na kwa upana, utakuwa umeshona zaidi ya mita 90, na mita 90 ndio urefu wa chini unaoruhusiwa wa uwanja wa kandanda. Kwa hatua za sindano za milimita 6, hizo ni hatua zaidi ya 15,000. Mfarishi mmoja hunila Jumamosi za miezi minne, na kwa hiyo harusi ya Desemba huianza Agosti. Anayeniambia Oktoba humnunulia sufuria.

"Tukigawana viraka, kazi itakuwa nyepesi"

Marafiki wa chama kimoja hupenda wazo hili, nami siwakatazi, ila nawaonya. Kila mtu hushona kwa mkono wake na cherehani yake. Mmoja akiongeza milimita moja tu kwenye pindo, kila mshono unakula milimita mbili za ziada, na kwa mishono kumi ya safu moja safu hiyo imepungua sentimita mbili. Safu za watu sita haziwezi kukutana pembe kwa pembe namna hiyo. Kinachofanya kazi ni mtu mmoja kukata viraka vyote na mtu mmoja kuunga, kisha wengine waalikwe kwenye mishono ya kushikiza, ambako hatua ndefu ya huyu na fupi ya yule huonekana kama miandiko tofauti katika kadi moja.

"Kitambaa chochote kitafaa, na chumvi huzuia rangi kutoka"

Mfarishi wangu wa kwanza nilimshonea rafiki yangu wa chuo. Nilinunua leso nyekundu, nikakata mji wake, nikachanganya na poplini nyeupe, na kwa kuwa nilisikia kwamba chumvi hukamata rangi, niliiloweka leso usiku mmoja kwenye maji ya chumvi na nikaridhika. Miezi mitatu baada ya harusi alinipigia simu. Aliufua, na kila kiraka cheupe kilichopakana na chekundu kilikuwa na waridi lililosambaa kutoka kwenye mshono kuelekea katikati, kama chai iliyomwagika kwenye karatasi.

Chumvi hutumika kiwandani wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye nyuzi. Haiwezi kuifunga rangi iliyozidi baada ya kitambaa kwisha kutengenezwa. Siki nayo husaidia baadhi ya rangi za sufu na hariri, si za pamba. Dawa ni kufua kila kitambaa kabla ya kukata, tena na tena hadi maji yabaki meupe, na kukijaribu: loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni pamoja na kitambaa cheupe kwa nusu saa, kisha vipige pasi vikiwa vimelaliana. Kitambaa kinachoendelea kutoa rangi baada ya hapo hakina nafasi karibu na cheupe. Kufua huko pia huondoa gundi ya dukani na kukipa kitambaa nafasi ya kujikunja mapema, maana pamba hupungua, na vipande vinavyopungua kwa viwango tofauti huukunja mfarishi mzima.

Mahali pa kununulia pasikutishe. Maduka ya Biashara Street na Eastleigh yana pamba nzuri, na Gikomba ina mashati na mashuka ya mitumba ambayo yamekwisha kufuliwa mara nyingi na hayatakuletea hila. Muuzaji akikuhakikishia kwamba ni pamba tupu, mwombe uzi mmoja uuchome: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Kuhusu cherehani na makosa ya makusudi

Haya mawili hayahitaji maneno mengi. Wapo wanaodai kwamba mfarishi ulioguswa na cherehani si kazi ya mkono. Mashine ya Singer ilipata hataza mwaka 1851, na watu wameshona mifarishi kwa mashine tangu karne hiyohiyo. Nami huunga viraka kwa cherehani na kushikiza matabaka kwa mkono. Wengine husimulia kwamba mafundi wa zamani waliacha kosa moja makusudi kwa sababu ukamilifu ni wa Mungu. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi wa kutosha. Makosa huja yenyewe bila kualikwa.

"Ukiwa mzito ndio utapasha joto"

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Julai hutufanya tuutafute uzito. Lakini joto huhifadhiwa na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na pamba iliyoshindiliwa kwa mishono iliyobanana hupoteza hewa hiyo. Tabaka jembamba la pamba linatosha kwa miezi mingi ya mwaka, na Julai blanketi huongezwa chini yake. Tabaka nene la poliesta huvutia dukani, lakini sindano ya mkono huliona taabu.

"Usiufue, utaharibika"

Hapa ndipo wale wa fungu la pili huniudhi. Maharusi hupokea mfarishi kwa machozi, huuweka ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, na miaka mitano baadaye huutoa ukiwa na harufu ya uvundo na alama za njano kwenye mikunjo. Plastiki hufungia unyevu, na mkunjo usiobadilishwa huchosha nyuzi mahali pamoja. Mfarishi uliotandikwa kila siku hudumu vizuri zaidi ya huo. Ufuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha. Usikamuliwe kwa kusokotwa, kwa sababu ukiwa umelowa huwa mzito na mishono hukatika. Ukandamizwe kwa taulo, kisha utandazwe kivulini juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike. Jua letu la saa sita hufifisha rangi upesi.

Mimi sasa huyaandika maagizo haya kwenye kipande cha merikani, kwa uzi, na kukishona kwenye pembe ya bitana pamoja na majina na tarehe. Ule wa rafiki yangu wa chuo haukuwa na maandishi yoyote. Nilipomtembelea Aprili iliyopita ulikuwa umeanikwa barazani, waridi zake zikiwa zimefifia sana, na mwanawe wa pili alikuwa ameketi chini yake kama hemani, akipangusa mdomo wenye uji kwa pembe iliyoning'inia.