Matope kwenye jezi hayathibitishi kitu

"Fundi, tazama matope haya. Hii imetoka uwanjani kabisa!" Nimechoka kuyasikia. Kuanzia Masasi hadi Ruangwa, anayeniletea jezi ya klabu ya Ndanda au Namungo nithibitishe kuwa ilivaliwa mechini huanza na doa kabla hajanionyesha namba.

Udongo mwekundu wa Newala unachotwa bure, na anayetaka kukuuzia jezi mpya kwa bei ya kumbukumbu hashindwi kuupaka. Jasho nalo ni hivyo hivyo: shabiki aliyeimba dakika 90 jukwaani kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona hulowa vilevile. Ninachotafuta ni uchakavu uliokaa mahali pake: nyuzi zilizovutika ubavuni na begani, mchezaji alikoshikwa, namba iliyopasuka pale mgongo unapokunjana. Aliyechakaza kwa msasa huacha mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, na uso wa kitambaa huchubuka bila uzi kuvutika. Ukiweka lenzi unaiona mara moja.

Tena, hata uchakavu wa kweli unakwambia tu kwamba jezi ilivaliwa. Nani aliivaa, na katika mechi gani, hilo linajibiwa na picha. Jezi mbili za timu moja, zenye namba moja, hazilingani kila kitu: pengo kati ya namba na mshono, nembo iliyoinama kidogo, mahali mstari unapokutana na nembo.

Chukua jezi ya Maradona dhidi ya Uingereza, Mexico, 22 Juni 1986. Argentina walizinunua zile za bluu dukani Mexico City kabla ya mechi, nembo zikashonwa na namba za rangi ya fedha zikabandikwa harakaharaka, kwa hiyo kila moja ikawa na alama zake. Baada ya mechi Maradona alibadilishana jezi na Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza. Kampuni ya mnada ya Sotheby's ilipoipeleka mnadani mwaka 2022, binti yake Maradona alisema hiyo ni ya kipindi cha kwanza, na mabao yote mawili ya Maradona yalifungwa cha pili. Wataalamu walikuwa wameilinganisha na picha za mabao hayo, alama kwa alama, na zikaoana. Iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Sasa wewe una jezi ya Namungo unayosema ni ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, msimu wa 2020/21, halafu unakuja bila hata picha moja ya mechi! Kazitafute kwanza.

Mengine ni mafupi. "Ina cheti": muulize aliyekitoa alishuhudia nini. Besiboli ya Marekani, MLB, huweka mashahidi uwanjani wanaobandika stika yenye namba. Cheti cha namna hiyo nakiheshimu. "Imesainiwa": wachezaji husaini jezi za dukani kila siku. "Nimepewa na mchezaji mwenyewe": anaweza kukupa ya akiba akiwa na nia njema kabisa. Muulize na mtunza vifaa.

Na tafadhali, usiifue ili uniletee safi. Doa peke yake si ushahidi, lakini doa linalooana na picha ni ushahidi mzito, na sabuni inalifuta. Ukiahidiwa jezi, mpige picha mchezaji akiwa bado ameivaa, mbele na nyuma, karibu na namba. Kisha ikaushe kivulini na uifunge kwenye shuka la pamba. Mfuko wa nailoni, kwa unyevunyevu wetu wa pwani, huleta kuvu.